Madoa ya maji kwenye rangi ya gari: jinsi ya kuyatoa bila kuimaliza klia, na jinsi ya kuyazuia yasirudi

Klia Safi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa yale madoa meupe ya duara yanayobaki kwenye boneti, paa na buti baada ya gari kuoshwa au kunyeshewa kisha likaachwa juani. Watu wengi wakiyaona wanakimbilia kompaundi (krimu ya kukwangulia rangi) na mashine siku hiyohiyo, na hapo ndipo klia (tabaka angavu lililo juu ya rangi) ya gari zima inapomalizwa kwa tatizo ambalo pengine lilihitaji siki ya chupa moja. Kabla hujashika chochote, jua doa lako limekaa wapi: juu ya rangi au ndani ya rangi. Haya mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

Doa la juu ni madini. Maji ya kisima, na mengi ya bomba, yana kalsiamu, magnesiamu na chumvi. Maji yakikauka, hivyo vyote vinabaki pale pale. Chukua maji yenye miligramu 600 za madini kwa lita, ambayo si ajabu kwa kisima. Tone la mililita 0.05 litaacha miligramu 0.03. Kiasi ni kidogo sana, lakini hakitandazwi sawasawa: tone hukauka haraka zaidi ukingoni, maji ya katikati yanavutwa kwenda pembeni na kubeba madini. Ndiyo maana unaona pete nyeupe yenye kati safi.

Doa la ndani linaanzia hapohapo. Pete ikiachwa wiki kadhaa, usiku umande unailowesha, mchana jua linaikausha. Boneti nyeusi juani inaweza kupita nyuzi joto 70, klia inalainika, na ule mchuzi mkali wa madini unazidi kukolea juu yake. Mwisho klia inaliwa na kubaki kishimo chenye umbo la tone. Ukifika hapo, hata utoe madini yote, alama inabaki.

Kuna maelezo yanayozunguka kwamba tone la maji linachoma rangi kama lenzi. Tone lililolala juu ya rangi linakusanya mwanga chini zaidi ya uso uliolalia, kwa hiyo haliunguzi kwa njia hiyo. Kinachoharibu ni madini, joto na muda.

Jinsi ya kutofautisha: osha gari kwa shampuu ya magari, kausha vizuri, lipeleke kivulini. Washa tochi ya simu na uilaze pembeni, usiielekeze moja kwa moja juu ya doa. Pitisha kidole ukiwa umekivika nailoni nyembamba, kama ile ya kufungashia mkate. Inaongeza hisia ya mkono sana. Ukihisi mkwaruzo au chembe zilizoinuka, una madini ya juu. Ukihisi uso laini kabisa lakini jicho linaona pete, basi klia imeshaliwa. Mara nyingi gari moja lina aina zote mbili, paa likiwa na hali mbaya kuliko milango, kwa sababu mlangoni maji yanatiririka na paani yanalala.

Mtoto wa Area D

Mkuu umeeleza vizuri. Tupe sasa hatua za yale ya juu. Hapa Dodoma maji ya kisima yakikaukia kwenye sufuria tu yanaacha ukoko, sembuse kwenye boneti.

Klia Safi

Ukoko huohuo wa sufuria ndio ulioko kwenye boneti: kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, na adui yake ni asidi hafifu.

Nunua siki nyeupe, soma lebo uhakikishe ni asilimia 4 hadi 5. Ile ya rangi ya kahawia iache jikoni. Changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini: maji ya betri yasiyo na asidi, maji ya mvua yaliyochujwa, au yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Ukichanganya na maji ya kisima kilekile, sehemu ya asidi inamalizwa na madini yaliyo ndani ya maji yenyewe kabla haijagusa doa.

Rangi iwe ya baridi. Weka upande wa nyuma wa kiganja kwenye boneti. Ukisikia uvuguvugu, subiri. Usipulizie tu ukaacha, kwa sababu mchanganyiko utakauka na kukuongezea doa lingine. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba mpaka kiwe chepechepe, kilaze juu ya sehemu ya ukubwa wa karatasi mbili za A4, na ukiache sekunde 60 hadi 90. Kikiwa kimelala pale hakikauki. Kisha kiinue, futa taratibu bila kukandamiza, na mwaga maji mengi mara moja. Nenda sehemu inayofuata.

Rudia mara mbili, ikibidi tatu. Doa likipungua kila mara, endelea. Ikiwa mara ya pili na ya tatu hakuna tofauti yoyote, acha asidi. Kilichobaki ama ni silika (madini ya jamii ya mchanga na kioo), ambayo siki haiigusi, ama klia imeliwa. Kuongeza nguvu ya asidi hapo hakusaidii kitu.

Ukimaliza, osha gari lote tena kwa shampuu, hasa kwenye maungio ya milango, chini ya mpira wa kioo na kwenye nembo, ambako siki hujificha. Na hesabu kwamba waksi yoyote iliyokuwepo imedhoofika, kwa hiyo utapaka nyingine.

Bint Darajani

Asalaam aleikum. Siki ikikosekana, ndimu inafaa? Huku Zanzibar maji ya visima yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, kalsiamu imejaa tele, na ndimu zipo kila duka.

Klia Safi

Waaleikum salaam dada. Asidi ya ndimu inafaa, ndimu yenyewe siipendekezi. Ina sukari na nyama ya tunda, inanata, na nguvu yake hubadilika kutoka ndimu moja hadi nyingine. Tafuta unga wa asidi ya sitriki kwenye maduka ya vifaa vya keki na juisi. Gramu 20 kwa lita moja ya maji laini zinatosha kuanzia. Usizidi gramu 30.

Angalizo moja: sitriki ikikutana na kalsiamu nyingi inaweza kutengeneza kalsiamu sitreti, ambayo haiyeyuki kirahisi. Ukiiacha ikakauka juu ya rangi utapata utando mweupe mpya. Kwa hiyo sekunde 60, futa, suuza. Kwa maji ya matumbawe kama ya huko Unguja na Mombasa ningeanza na siki kwa sababu hii.

Rangi Mbichi

Naongeza kwa upande wa wapiga rangi. Tafadhali sana, dawa ya kusafishia choo isiguse gari. Nyingi zina asidi ya haidrokloriki. Ni kweli madoa yanatoka ndani ya sekunde chache, ndiyo maana vijana wa kuosha magari wanaipenda. Lakini inapofusha kromu, inaanza kula alumini ya rimu na kuingia kwenye diski za breki na kwenye kila sehemu ambayo klia ina ufa. Kutu inakuja baadaye, mwenye gari akiwa ameshasahau kilichotumika.

Vilevile zipo dawa za madoa zenye amoniamu baifloraidi. Zinatoa silika kweli, ila zinapogusana na ngozi zinatengeneza hatari ileile ya asidi ya haidrofloriki: inapenya hadi kwenye mfupa na maumivu yanaweza kuchelewa. Bila glavu sahihi, miwani na mafunzo, hiyo si kazi ya uani nyumbani.

Na usichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo kwenye ndoo moja. Inatoa gesi ya klorini.

Mtoto wa Area D

Hapa mjini ujenzi ni mwingi, vumbi la saruji linatua kwenye magari halafu mvua inanyesha. Yale madoa ya kijivu ni haya haya?

Rangi Mbichi

Chanzo ni tofauti, mkuu, na hayo ni ya kukimbizana nayo. Saruji ikilowa inatoa kalsiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali kali, na inaanza kuiuma klia kabla hata haijaganda. Kama vumbi bado ni kavu, usipanguse kwa kitambaa, utachana rangi yote; lipeperushe kwa upepo au mwagia maji mengi kwa wakati mmoja ili lisombwe, usilinyunyizie kidogokidogo. Kama limeshaganda, siki ileile ya nusu kwa nusu, kitambaa kikilala kwa dakika mbili, unarudia mara nyingi kwa uvumilivu. Usikwangue kwa ukucha wala kadi ya benki. Vumbi la ujenzi huwa na mchanga ndani yake.

Klia Safi

Asante kwa nyongeza hiyo. Sasa nije kwenye hatua inayorukwa na wengi, nayo ni udongo wa kusafishia rangi, klei. Baada ya siki, chembe zilizobaki zimejishika kwenye klia. Kata kipande cha gramu 40 au 50, kikande kiwe bapa, nyunyiza maji yenye shampuu kidogo, telezesha kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Kikiacha kutoa mlio wa mkwaruzo, sehemu hiyo imemalizika. Kunja klei kila baada ya nusu ya boneti upate uso safi. Ikidondoka chini, itupe. Punje moja ya mchanga ndani yake itakuchorea gari zima.

Hapo kausha, angalia tena kwa tochi. Kilichobaki sasa ni cha mashine.

Nyegezi

Nina swali la mashine. Vitz nyeusi, madoa ya paa hayajatoka kwa siki wala klei. Nianze na kompaundi gani?

Klia Safi

Usianze na kompaundi. Anza na kupima.

Rangi ya kiwandani kwa ujumla wake, kuanzia praima hadi klia, mara nyingi ni mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Kwenye klia hiyo, kanuni inayofuatwa na wengi ni kutoondoa zaidi ya mikroni 8 kwa maisha yote ya gari, kwa sababu kinga ya jua iko humo na ikishapungua klia inaanza kubanduka kama ngozi. Kipima unene wa rangi kinakupa jumla ya matabaka, hakikuoneshi klia peke yake, kwa hiyo pima sehemu nyingi na ulinganishe. Paa likisoma 110 na ndani ya fremu ya mlango 105, uko kwenye rangi ya kiwandani. Likisoma 250, limepigwa rangi upya. Likipita 500, huenda kuna puti chini. Kumbuka kipima cha bei nafuu kinasoma chuma tu. Kwenye bampa ya plastiki hakisomi chochote.

Jambo la pili kwa nyeusi za Japani: hakikisha kuna klia. Weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua sehemu iliyojificha. Kitambaa kikiwa cheusi, hiyo ni rangi isiyo na klia juu yake, kama ile nyeusi ya Toyota yenye namba 202 kwenye magari mengi ya zamani. Inapigwa polishi, ila ni laini mno na inachorwa hata na kitambaa kikavu.

Kisha fanya jaribio kwenye eneo la sentimita 30 kwa 30. Mashine ya DA (inayozunguka huku ikiyumba), sponji laini ya kumalizia, polishi laini, matone manne ya ukubwa wa punje ya njegere. Tandaza kwa mwendo mdogo, halafu panda hadi mwendo wa kati na upite mara nne, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia, mkono ukisonga kama sentimita 3 hadi 5 kwa sekunde. Uzito wa mashine wenyewe unatosha.

Hapa kuna mtego. Mafuta ya polishi yanajaza vile vishimo na doa linaonekana limetoka. Ukiosha gari wiki ijayo, linarudi. Kwa hiyo futa eneo la jaribio kwa spiriti ya isopropili: sehemu moja ya ile ya asilimia 70 ya duka la dawa kwa sehemu tatu za maji laini. Ndipo uangalie kwa tochi. Limetoka, malizia paa lote kwa sponji na polishi ileile. Halijatoka, badilisha sponji kwanza uweke ngumu kidogo ukibaki na polishi ileile. Kompaundi iwe ya mwisho, na ukitumia kompaundi lazima umalizie kwa polishi laini, la sivyo nyeusi itabaki na ukungu.

Mashine ya rotari (inayozunguka tu bila kuyumba) ondoa kabisa kwenye mawazo kama mkono haujazoea. Kwenye kingo za paa na mikunjo ya boneti klia ni nyembamba kuliko kwingine, na rotari ikisimama hapo kwa sekunde chache inafika kwenye rangi.

Nyegezi

Nimeelewa mkuu. Na kama hata kompaundi haitoi?

Klia Safi

Kwa doa lenye kina, kuna msasa wa maji wa namba 3000, kisha kompaundi, kisha polishi. Lakini kwa gari la matumizi ya kila siku ningeshauri kulipunguza doa hadi lisionekane ukiwa umesimama hatua mbili, na kuacha kishimo kilichobaki. Kufukuza doa moja kunamaanisha kushusha klia yote inayolizunguka hadi usawa wa chini ya kishimo. Doa linaloonekana kwa tochi tu ni bora kuliko klia iliyoisha.

Bint Darajani

Tuje kwenye kuzuia, maana kutoa kila mwezi hakuna mwisho. Nasikia seramiki, ile kinga ya kupaka juu ya klia, inamaliza tatizo.

Rangi Mbichi

Haimalizi, dada, na wanaouza wangesema hivyo mapema. Seramiki inafanya maji yasimame matone ya duara. Ukiyafuta, umefanya kazi rahisi sana. Ukiyaacha, kila tone limekusanya madini yake kwenye eneo dogo zaidi, na linakauka hapo hapo. Faida ni kwamba kinacholiwa kwanza ni ile seramiki, si klia yako. Gari lenye seramiki linalooshwa kwa maji ya chumvi na kuachwa likauke juani litakuwa na madoa mengi kuliko la jirani lisilo nayo.

Ukishapaka, maji yasiguse kwa saa 24 za mwanzo, na shampuu isitumike wiki nzima. Baada ya miezi, ukiona matone hayasimami tena, usidhani imeisha. Mara nyingi imefunikwa na madini. Siki hafifu kwa sekunde 60 inairudisha.

Na gari lililotoka kwangu au kwa fundi mwingine yeyote likiwa na rangi ya 2K (inayochanganywa na kigandishi) iliyokauka kwa hewa: usilipake waksi wala seramiki kwa siku 60 hadi 90, kwa sababu viyeyushi bado vinatoka. Kipindi hicho ndicho doa la maji linapozama kwa urahisi zaidi, kwa hiyo lifutwe kila likilowa.

Klia Safi

Kuzuia kuna sehemu mbili tu: maji gani yanakuwa ya mwisho kugusa rangi, na nani anayakausha, wewe au jua.

Nunua kipima TDS, yaani jumla ya madini yaliyoyeyuka kwenye maji, kwa miligramu kwa lita; ni kidogo kama kalamu. Pima maji yako. Kwa suuzo la mwisho, chini ya 50 huna la kuhofia sana. Ukiona 300 na kuendelea, usiyaruhusu yakauke yenyewe hata dakika moja. Wenzetu wa Mwanza mna bahati, maji ya Ziwa Victoria yana madini machache. Kigoma ni habari nyingine, Ziwa Tanganyika lina magnesiamu nyingi.

Mashine ya kulainisha maji ya majumbani watu wanaielewa vibaya. Inabadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu, haipunguzi TDS. Madoa yatabaki kuonekana, ila yanatoka kwa maji tu kwa sababu chumvi za sodiamu zinayeyuka kirahisi. Kuondoa madini yenyewe kunahitaji chujio la RO (utando unaozuia madini) au resini ya kuondoa ioni (chembe zinazonasa madini). Resini peke yake kwenye maji ya TDS 600 inaisha haraka na ni ghali, kwa hiyo watu hutanguliza RO.

Kwa mtu wa kawaida, njia nafuu ni hii. Osha kwa maji ya kisima kama kawaida, ila panel moja moja, asubuhi kabla ya saa mbili au jioni, kivulini. Usisubiri gari zima likae na sabuni. Kisha suuzo la mwisho liwe lita 10 hadi 15 za maji ya mvua au ya kiyoyozi, uyamwage taratibu kutoka paani kwa kopo. Usiyapulize kwa presha: maji yakimwagika kama shuka yanashuka yote pamoja, yakipulizwa yanajigawa matone. Kwa mvua, acha ile ya kwanza isafishe bati kwanza, kinga inayofuata, chuja kwa kitambaa. Kwa pwani kiyoyozi ni hazina, lita kadhaa zinadondoka kila usiku na watu wanazimwaga.

Kisha kausha. Taulo la maikrofaiba lenye nyuzi zilizosokotwa, gramu 500 au zaidi kwa mita ya mraba, mawili kwa gari dogo. Puliza waksi ya maji kidogo kwenye panel ikiwa bado imelowa, halafu laza taulo na ulivute bila kusugua. Ile waksi inalainisha mwendo na kuongeza kinga. Fungua milango, buti na kifuniko cha mafuta, futa ndani yake. Vioo vya pembeni na mikono ya milango hutoa maji dakika tano baadaye, kwa hiyo rudi kuvifuta. Mataulo yafuliwe bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huyafanya yasinyonye.

Mtoto wa Area D

Na wale ambao maji ni ya boza, ya kununua?

Klia Safi

Kwenu ningependekeza dawa ya kuosha bila kusuuza, mfano Optimum No Rinse. Mililita 30 kwenye lita 8 za maji, ndoo moja tu. Gari likiwa na vumbi la kawaida, pulizia mchanganyiko huohuo, subiri dakika mbili, futa kwa kitambaa kilicholowa upande mmoja hadi mwingine, geuza uso safi kila panel, kausha papo hapo. Lita 8 za maji laini zinapatikana popote, hata kwa kununua. Likiwa na tope, lisuuzwe kwanza kwa maji ya kawaida.

Nyegezi

La mwisho: kioo cha mbele. Waipa zimeacha upinde wa madoa, siki imegonga mwamba.

Rangi Mbichi

Hiyo huenda ni silika iliyojishika na kioo, maana vyote viwili ni jamii moja. Kioo ni kigumu kuliko klia, kwa hiyo una nafasi zaidi. Jaribu pamba ya chuma ya namba 0000 ikiwa imelowa maji ya shampuu, kwenye kioo pekee, isivuke hata kidogo kwenda kwenye rangi wala kwenye kioo chenye stika ya tinti. Isipotoka, unga wa seriamu oksaidi uchanganywe na maji uwe uji mwepesi, sponji maalumu ya kioo, mwendo wa chini. Nyunyiza maji kila unapoona unakauka, na ushike kioo kwa kiganja mara kwa mara: kikianza kuwa moto, simama, kwa sababu joto la sehemu moja linapasua kioo. Funika boneti na plastiki za waipa kabla hujaanza. Ukimaliza badilisha raba za waipa, kwa kuwa zile za zamani zimeshika chembe za madini na zitachora upinde uleule.